Kubana Mkojo Kazini na UTI Inayojirudia

SWALI: Mimi ni keshia katika duka la jumla Kariakoo, Dar es Salaam. Choo kiko mbali, tena cha kulipia, hivyo nakunywa maji kidogo ili nisitoke. Mwaka huu nimetibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara 2. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Wengi hulaumu choo kichafu, lakini mara nyingi bakteria wanaosababisha UTI hutoka katika utumbo wetu wenyewe, na kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, hufika kwenye kibofu kwa urahisi na kuzaliana mkojo unapobanwa muda mrefu. Weka chupa ya maji kando ya mashine ya risiti, unywe kidogo kidogo, uende haja ndogo kila baada ya saa 3 au 4, na umweleze mwajiri wako wazi kwamba hili ni suala la afya. Kojoa pia baada ya tendo la ndoa.

Ukihisi mkojo unachoma au unakujia kila mara, usinunue antibayotiki kwa kukisia. Nenda kupima: kinga kwenye kopo la kipimo mkojo wa katikati (acha ule wa mwanzo upite kwanza) na, kwa kuwa tatizo limejirudia, omba uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe, ili ijulikane dawa inayofaa. Ukipata homa, maumivu ya ubavuni, au ukiwa mjamzito, nenda hospitali siku hiyohiyo.