Ude o furuu si kupunga mkono

Anayeanza Kijapani hukutana mapema na 腕を振るう, ude o furuu, hasa kwenye habari za mapishi: mpishi kaingia jikoni, leo anatoa ufundi wake wote. Tatizo letu Waswahili ni neno "mkono". Kwetu linabeba kila kitu kuanzia begani hadi vidoleni, Wajapani wamegawa: te ni kuanzia kifundo kwenda vidoleni, ude ni kuanzia begani hadi kwenye kifundo, na ufundi pia huitwa ude. Ukisema te o furu, umempungia mtu mkono wa kwaheri. Ude o furu ni kurusha mikono huku unatembea, kama askari wa gwaride. Ufundi unakuja pale tu kitenzi kinapokuwa furuu, chenye u mbili. Ivute kama unavyovuta mwisho wa "juu". Na ukiteleza ukasema ude ga furueru, mkono wako unatetemeka, jambo ambalo mpishi hapendi kusikia.

Kukinyambua: furuimasu, furutta, furutte. Wengi huona furuimasu wakaunda "furuite", hakuna. Fani inayohusika hufuatwa na kineno cha Kijapani に (ni): ryōri ni ude o furuu, kuonyesha ufundi wa kupika. Kitenzi hichohicho, tahadhari, kipo kwenye bōryoku o furuu, kupiga watu.

Kabla ya kazi kuanza, mtu anayewashwa mikono husema ude ga naru, yaani mkono unalia. Ude ni yori o kakete, yaani kwa ufundi na bidii yote, huja kabla ya kitenzi kingine; yori ni msokoto wa uzi. Mwenyeji akiwaambia wageni ude ni yori o kakete tsukurimashita (tsukurimashita ni "nimetengeneza"), hajaringa hata kidogo, kwa sababu anachotaja ni bidii aliyoiweka kwa ajili yao. Ude no misedokoro si kitenzi bali jina, hivyo lifunge kwa desu, yaani "ni" ya Kiswahili: kazi imefika pagumu, hapa ndipo fundi anapojulikana.

Kujishaua kwenyewe ni hikerakasu, nalo ni lawama tupu. Ila kosa linaloudhi zaidi kazini hutoka kwenye sifa: ude o agemashita ne, "umepanda kiwango". Mwambie mwanafunzi wako. Ukimwambia mkuu wako, umejifanya mwalimu wake.