Wasomaji Wauliza: Siku Mbili Bunyonyi, Hata Basi Likikwama

Swali: Mhariri, shikamoo. Tunataka kwenda Ziwa Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale kusini-magharibi mwa Uganda, Ijumaa na kurudi Jumapili, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwaka jana basi liliharibika karibu na Ntungamo, tukafika Kabale saa tatu usiku na chumba tulicholipia kiko kisiwani. Safari hii tujipangeje?
*Mama wa wawili, Jinja*

Jibu: Marahaba, mama. Kampala hadi Kabale ni kilomita 410 hivi kupitia Masaka, Mbarara na Ntungamo. Basi lisiposumbua, ni mwendo wa kama saa nane. Nyinyi mna kilomita 80 za ziada kutoka Jinja pamoja na foleni ya Kampala, kwa hiyo laleni Kampala Alhamisi na mpande basi la alfajiri, kabla njia ya Busega na Kyengera haijaziba.

Kilichowaponza mwaka jana ni chumba kuliko basi. Usiku wa kwanza msiuweke kisiwani. Laleni Kabale mjini, au Rutinda zinapoegeshwa boti, kama kilomita 9 kutoka mjini kwa njia ya milima. Kisiwa kiwe cha Jumamosi. Jua huzama karibu saa moja jioni, na kuvuka ziwa gizani na watoto hatushauri, hata mwenye boti akiapa kwamba ana tochi kali.

Basi likisimama, kondakta atasema "dakika kumi". Msimwulize muda, mwulizeni kimeharibika nini. Pancha au mkanda wa feni, kama kipuri kipo garini, hutengenezwa pale pale: kaeni. Gia, klachi au injini iliyochemka hadi ikavujisha maji ni habari nyingine, kwa sababu fundi au basi la pili litatoka mbali: ondokeni mapema. Daini sehemu ya nauli iliyobaki kabla abiria wengine hawajamzonga kondakta, toeni mizigo kwenye buti, shikeni tiketi mkononi, kisha tafuteni teksi ya kuwafikisha mji mkubwa ulio mbele. Kutoka Ntungamo kwenda Kabale milima inaanza, na mpando wa Rwahi huzichemsha injini zilizochoka. Basi lililoonyesha dalili ya joto tangu Mbarara lisiwapandishe huko. Fedha ya dharura iwe taslimu na iwe noti ndogo, kwani simu huzimika saa ile ile mnapoihitaji.

Tena, sikilizeni redio siku moja kabla. Mei 2023 mto Katonga ulifurika, barabara ya Masaka ikakatika, magari yakazungushwa kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni miezi ya mvua; safari ya siku mbili haina nafasi ya mzunguko kama huo.

Tiketi ya kurudi ikateni Ijumaa hiyo hiyo mnapofika, na lisiwe basi la alfajiri. Ukungu hulala juu ya maji asubuhi, na mwendesha boti mwenye busara husubiri hadi visiwa vionekane.

Swali: Kila nikipiga kasia kwenye mtumbwi wa gogo kule Bunyonyi, mtumbwi unazunguka kama pia na wenyeji wanacheka. Kosa ni langu au la mtumbwi?
*Kijana wa Mbarara*

Jibu: La wote wawili, kijana wetu. Mtumbwi wa gogo la mkaratusi una tumbo la mviringo na hauna mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wa kuushika kwenye mstari. Ukipiga kasia kulia, mbele inaenda kushoto. Mgeni hungoja hadi imegeuka sana, ndipo anavuta kwa nguvu upande wa pili, nayo inapitiliza. Hapo ndipo unapozunguka.

Anayeongoza hukaa nyuma. Ukiwa peke yako, kaa nyuma pia, chini kabisa, si juu ya ukingo. Piga mapigo mafupi, kasia likisimama wima karibu na ubavu wa mtumbwi. Ukilitupa mbali linageuza badala ya kusukuma. Mwisho wa pigo, kabla hujalitoa majini, geuza bapa la kasia liwe sambamba na mtumbwi na ulisukume nje kidogo. Msukumo huo mdogo ndio usukani wako. Chagua mti mmoja ng'ambo, na mbele ikianza tu kuuacha, rekebisha.

Mchana upepo huamka, kwa hiyo fanya mazoezi asubuhi, baada ya ukungu kuondoka. Vaa jaketi la kuokolea na ulifunge. Kuliweka miguuni ni sawa na kuliacha nyumbani. Mtumbwi ukipinduka, ung'ang'anie, usijaribu kuogelea hadi ufukweni.

Swali: Watoto wanaweza kuogelea? Na baridi je?
*Baba, Tororo*

Jibu: Mamba na viboko hawamo. Hatari ni kina: maji huzama ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, basi asiyejua kuogelea asiingie bila jaketi, hata akishika jukwaa la mbao. Ziwa liko kama mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na usiku joto hushuka karibu na nyuzi 10. Sweta, soksi na kofia kwa kila mtoto. Khanga peke yake haitoshi.

Swali: Nitatokea Kigali. Nivukie wapi?
*Dereva, Kampala*

Jibu: Katuna, ndugu dereva, kutoka hapo Kabale ni mwendo mfupi. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa raia wa Uganda, ila hakikisha hakijaisha muda. Angalia saa: Rwanda iko nyuma kwa saa moja, saa nne ya Kigali ni saa tano ya Kabale, na aliyepanga boti kwa saa ya Kigali hukuta imeondoka. Karibu na mpaka simu hunasa mnara wa ng'ambo na kubadilisha saa yenyewe, tena inakula salio. Zima data hadi uupite mpaka.