Siku Mbili katika Bonde la Barossa: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Ninaishi Melbourne, na mwezi Aprili mimi na mke wangu tumepanga kukaa siku mbili katika Bonde la Barossa, Australia Kusini. Mimi ninapenda mvinyo. Mwenzangu hanywi kilevi cha aina yoyote wala hali nyama ya nguruwe. Rafiki zetu wametuandalia orodha ya viwanda tisa vya mvinyo kwa siku ya kwanza peke yake. Je, inawezekana? Na mwenzangu hatakuwa amesafiri ili kunisubiri mezani tu?
*Msomaji, Melbourne*

JIBU: Ndugu msomaji, tisa kwa siku moja ni vingi mno, na hata kama vingewezekana ningekusihi uache. Bonde lenyewe si kubwa. Kutoka Lyndoch hadi Nuriootpa ni mwendo usiofika nusu saa kwa gari, na pengine ndiyo sababu rafiki zenu hawakuona tatizo katika orodha yao. Kinachokula muda ni meza, si barabara. Mahali panapoendeshwa kwa uangalifu, mhudumu hukumiminia aina tano au sita, moja baada ya nyingine, akikueleza kila moja imetoka shamba gani na kwa nini ina ladha hiyo, na kabla hujatanabahi saa nzima imekwisha. Chagueni viwili, vikizidi sana vitatu: kimoja asubuhi, kisha chakula cha mchana cha kukaa kwa utulivu, na kingine alasiri. Wekeni nafasi mapema, hasa ya chakula, kwa kuwa migahawa mingi ya bondeni hufungwa Jumatatu na Jumanne. Mkiangukia Pasaka, hakikisheni nani anafungua Ijumaa Kuu.

Kuna pia hesabu ya kilevi, ambayo watu wengi hawaifanyi mpaka wamechelewa. Kipimo cha kuonja huwa kiasi cha mililita 30. Ukimaliza vitano umekunywa mililita 150, na kwa kuwa Shiraz, mvinyo mwekundu wa Barossa, mara nyingi ina kilevi cha asilimia 14 hadi 15, umeshaingiza takriban gramu 17 mwilini katika kituo cha kwanza. Australia huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Dereva mwenye leseni kamili anatakiwa awe chini ya 0.05, yaani gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu, na mwenye leseni ya mwanafunzi au ya muda haruhusiwi hata chembe. Polisi wana haki ya kumsimamisha dereva yeyote na kumpima pumzi. Kwa hiyo kitumie bila haya kile chombo cha kutemea kilicho mezani: zungusha mvinyo mdomoni, vuta hewa kidogo juu yake, usikilize ladha, kisha utemee humo. Wataalamu wa kazi hii hutema siku nzima, na hakuna mhudumu atakayeona umemdharau.

Hata ukitema, usiendeshe wewe. Wala usimkabidhi mwenzako usukani kwa sababu tu hanywi. Watu wengi hufanya hivyo bila hata kuuliza, nami naona si haki, kwa maana naye yuko likizo. Treni ya abiria kutoka Adelaide inaishia Gawler, kabla ya kufika bondeni, na teksi bondeni ni chache, hivyo kodini gari lenye dereva walau kwa siku ile ya viwanda. Gharama ni kubwa, lakini ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari hiyo.

Mwenzako ana mengi ya kuona. Mpeleke Seppeltsfield, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1851, ambacho barabara yake imepandwa mitende pande zote mbili. Mwaka 1878 Benno Seppelt alitenga pipa la lita 500 la mvinyo mtamu ulioongezewa pombe kali, akaagiza lisiguswe kwa miaka 100. Tangu hapo kila mwaka umekuwa na mapipa yake. Kila mwaka kiasi fulani hugeuka mvuke na kupotea kupitia mbao, na kinachobaki huzidi kuwa cheusi na kizito hadi kushikamana na ukuta wa glasi kama asali. Mgeni aliyeweka miadi anaweza kuonja kutoka pipa la mwaka wake wa kuzaliwa, na asiyekunywa atapata harufu ya ghala lile na kuona miaka ikifuatana pipa kwa pipa, jambo ambalo sijui mahali pengine linapopatikana hivyo. Kama siku zenu zinagusa Jumamosi, amkeni mapema mwende soko la wakulima la Angaston.

Kuhusu nguruwe, kuweni makini kuliko mlivyozoea. Katika ardhi ya watu wa Peramangk, Ngadjuri na Kaurna, walowezi wengi wa mwanzo wa bonde hili walikuwa Walutheri waliozungumza Kijerumani, ambao jamaa zao walianza kuhama Prussia baada ya mfalme kuingilia ibada zao. Kijiji chao cha kwanza hapo, Bethany, kilianzishwa mwaka 1842. Walikuja na ufundi wa kukausha nyama kwa moshi, na bucha za Angaston na Nuriootpa zinauendeleza hadi leo. Soseji yao iitwayo mettwurst mara nyingi huchanganya nguruwe na ng'ombe, na vipande vya nyama ya moshi huweza kujificha ndani ya saladi ya viazi. Semeni wakati wa kuweka nafasi, si wakati sahani imeshafika. Kama mwenzako haonji kilevi kwa sababu ya imani, ulizeni pia juu ya michuzi iliyopikwa kwa mvinyo. Wapishi wa huko wana mbadala mzuri: maji ya zabibu mbichi yasiyochachushwa, ambayo mpishi Maggie Beer alianza kuyatengeneza kwa kuuza mwaka 1984. Yana ukali mwororo kuliko ndimu, na kuku aliyepikwa nayo ni mtamu sana.

SWALI: Kwa nini mabango ya Barossa yanakataza wageni kuingia kati ya mizabibu? Nilitaka tu kupiga picha.
*Msomaji, Adelaide*

JIBU: Sababu ni mdudu mdogo aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi ya mzabibu mpaka mti unakufa. Aligunduliwa Victoria, karibu na Geelong, mwaka 1877, na bado yuko katika sehemu za jimbo hilo, ikiwemo Yarra Valley. Australia Kusini haijawahi kumpata, nayo inazuia kwa sheria kali vipande vya mizabibu na zabibu kuingia kutoka nje. Ndiyo maana Barossa ina mizabibu ya Shiraz inayoaminika kupandwa mwaka 1843 na bado inazaa, ikisimama juu ya mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa kwenye mizizi ya aina nyingine, mashina yake manene yamejipinda na magome yakichanika kwa nyuzi ndefu. Mdudu huyo husafiri na udongo wa kwenye viatu. Piga picha ukiwa barabarani, au muombe mwenyeji akupeleke; na kama ulikuwa Yarra wiki hiyo, vaa viatu vingine kabisa.

SWALI: Je, kuonja ni bure, na bahshishi ni lazima?
*Msomaji, Perth*

JIBU: Viwanda vingi hutoza ada ya kuonja, na vingi huirudisha ukinunua chupa. Wawili wanaweza kuomba kugawana kuonja kwa mmoja. Bahshishi si lazima, lakini migahawa mingi huongeza asilimia fulani kwenye bili siku za Jumapili na sikukuu. Kiasi hicho huandikwa kwenye menyu. Ukinunua chupa nyingi, omba wakutumie kasha nyumbani, kwa kuwa viwanda vingi husafirisha mizigo hadi miji yote ya Australia.