Feni ya kadi ya grafiki ikianza kukwaruza, usikimbilie kununua kadi nyingine

Mkuu, pole na usumbufu. Nimekuelewa hivi: una kadi ya grafiki ya GTX 1060 yenye feni mbili, feni moja inakwaruza asubuhi ukiwasha halafu inatulia, na ukicheza gemu joto linapanda hadi nyuzi 83 kisha picha zinaanza kukatakata. Fundi kakwambia kadi imekufa. Unauliza kama kuitia mafuta kutasaidia, au kama unaweza kufunga feni za kawaida za kesi.

Kadi yako haijafa. Kadi iliyokufa haitoi picha kabisa, au inakujazia mistari na vidoti vya rangi kwenye skrini. Yako inafanya kazi vizuri mpaka ipate moto, kisha inajilinda. Kadi nyingi za GTX 10 zimepangwa kuanza kupunguza kasi zikigusa nyuzi 83, ndiyo maana unaona namba hiyohiyo kila siku na haipandi zaidi. Kikomo chenyewe cha 1060 ni nyuzi 94. Hapo kuna chipu nzima inayokosa hewa kwa sababu ya kipuri cha bei ndogo, na inaniuma kila nikisikia mtu kauziwa kadi nyingine kwa tatizo la feni. Feni ni kitu cha kuchakaa na kubadilishwa, kama breki pedi za gari.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu hapa Dar. Mashine zinarenda, yaani zinakamilisha video, usiku kucha kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na kuanzia Desemba mpaka Machi hewa inayoingia kwenye kesi huwa tayari ni ya moto. Kwa hiyo feni za kadi zimepita sana mikononi mwangu, zangu na za wenzangu, na nyingi nilizoletewa kama "kadi mbovu" zilirudi kazini.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha kwanza kosa liko wapi. Kadi nyingi za kuanzia mwaka 2014 hivi zinazima feni zenyewe kama joto liko chini, mara nyingi chini ya nyuzi 50 au 60. Mtu anafungua kesi, anaona feni zimesimama, anapata presha. Washa gemu au FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mkubwa) kwa dakika chache. Zikianza kuzunguka joto likipanda, hapo hakuna ugonjwa. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, nayo ina historia yake. Mwezi Machi 2010 NVIDIA waliondoa draiva 196.75 kwa sababu ilivuruga udhibiti wa feni, na Novemba 2015 AMD walitoa marekebisho ya haraka baada ya draiva mpya ya Crimson kuzifungia feni za baadhi ya kadi kwenye kasi ndogo. Kama tatizo lilianza siku uliyosasisha draiva, rudi kwenye ya zamani kwanza. Lakini draiva haikwaruzi. Wewe unasikia sauti ya chuma, na hiyo ni beringi, ile sehemu inayoushika mhimili wa feni ukizunguka.

Jambo moja linapoteza watu wengi: usiamini namba za programu peke yake. GPU-Z au MSI Afterburner itakuonyesha kasi ya feni, ila kwenye kadi nyingi feni mbili zinatumia plagi moja, na waya wa kuripoti kasi unaosomwa ni wa feni moja tu. Feni ya pili inaweza kuwa imesimama kabisa huku programu inakuandikia mizunguko 1800. Fungua ubavu wa kesi, shika tochi, tazama kwa macho yako mawili.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kadi, ilaze mezani feni zikiangalia juu. Shika kitovu cha feni kwa vidole viwili. Kivute juu kidogo na kukishusha: mchezo mdogo wa juu na chini ni kawaida. Halafu kisukume pembeni, kushoto na kulia. Kikicheza pembeni, mhimili umelika na feni hiyo ndiyo imekwisha. Kisha izungushe kwa kidole. Utahisi vikwazo vidogo vinavyolingana. Hizo ni sumaku za mota, zisikutishe. Feni nzima inajiendeleza mizunguko kadhaa na kusimama taratibu. Mbovu inakata ghafla, au inakwama sehemu ileile kila mara.

Na kwa nini inakwaruza asubuhi tu? Feni nyingi za bei nafuu zina beringi ya kichaka, yaani mhimili wa chuma unazunguka ndani ya bomba dogo lililoloweshwa mafuta. Miaka ikipita mafuta yanakauka, yanachanganyika na vumbi na kugeuka uji mweusi. Asubuhi uji huo ni mzito, mhimili unagonga ukuta wa bomba. Ukipata moto unalainika, sauti inapotea, na mwenye kadi anadhani imepona. Ukiikuta feni imeandikwa ni ya beringi za gololi, hiyo huvumilia joto zaidi, ingawa ikichoka inavuma badala ya kukwaruza.

Ikiwa feni inazunguka laini kwa kidole lakini haianzi yenyewe, hapo ni suala la umeme. Feni hizi ni za volti 12, na adapta ya ruta ya volti 12 inatosha kuijaribu kwa waya wa chanya na wa hasi tu. Feni ya nyaya nne isiyopata amri ya kasi hukimbia kwa nguvu zote, kwa hiyo ikichomoka kwa kasi usishangae. Rangi za nyaya hazifanani kati ya watengenezaji, na ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza saketi ndogo iliyo ndani ya kitovu. Kama huna mita ya kupimia umeme, mwachie mwenye nayo.

Kuhusu mafuta, jibu langu ni hili: ni ya kukuvusha, si tiba. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya kitovu, pale panapofunguka, linaweza kukupa wiki kadhaa za utulivu. Chuma kilicholika halikirudishi. WD-40 usiitie, inayeyusha kilichobaki cha grisi na kukauka, na feni inarudi vibaya kuliko mwanzo. Mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi. Feni nyingi za siku hizi hazina hata kizibo chini ya stika, na wapo mafundi wanaotoboa kitovu kwa sindano ya moto ili kupitisha mafuta. Siungi mkono hata kidogo, unaharibu uwiano wa kitovu na mtetemo unaongezeka.

Wakati unasubiri kipuri, fanya mambo mawili kwenye Afterburner. Shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 70 hivi. 1060 inakula wati 120 tu, na ukishusha hapo utapoteza fremu chache huku joto likipungua waziwazi. Pili, weka feni zizunguke muda wote angalau asilimia 40, zisiwe zinazima na kuwaka. Feni mgonjwa inateseka zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kukimbia.

Tuje kwenye kununua, maana hapa ndipo pesa zinapotea. Usinunue feni kwa jina la kadi. Kampuni moja inaweza kutoa GTX 1060 za aina nyingi zenye feni tofauti kabisa. Nunua kwa namba iliyo kwenye stika ya feni yenyewe. Stika hiyo haiko mbele penye nembo ya kupendeza. Mara nyingi iko nyuma, upande unaotazama hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza chipu), kwa hiyo lazima uvue ganda la plastiki kwanza. Utakuta maandishi kama PLD10010S12HH, DC 12V, 0.40A. Yanakili yote, pamoja na ampea. Na usidanganyike na tarakimu za jina: hiyo PLD10010 mapanga yake ni kama milimita 95 kutoka ncha hadi ncha, si 100. Chukua rula, pima mapanga, pima umbali kati ya matundu ya skrubu, hesabu nyaya, tazama ukubwa wa plagi. Plagi ya kadi ni ndogo kuliko ya feni ya kesi hata kama zote zina matundu manne.

Angalia pia mapanga yamepinda kuelekea upande gani. Kuna kadi ambazo feni moja inazunguka kinyume na mwenzake kwa makusudi. Ukifunga isiyo yake, bado itasukuma hewa kwenye hitisinki, ila mtiririko wa hewa hautakuwa ule uliopangwa na mtengenezaji. Nashauri ununue zote mbili kwa pamoja. Zimefanya kazi muda sawa, na hiyo iliyobaki nzima haiko mbali.

AliExpress zinapatikana kwa namba hizo, ni kusubiri tu mzigo. Kama una haraka, zunguka Kariakoo kwa wanaouza vipuri vya kompyuta (walioko Nairobi wajaribu barabara ya Luthuli) uulizie kadi iliyoungua chipu lakini feni zake ni nzima. Fanya lile jaribio la kusukuma kitovu pembeni kabla hujatoa hela. Nasisitiza hilo kwa sababu kadi nyingi za mitumba, hasa RX 570, RX 580 na 1060 ya GB 6, zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali baada ya sarafu ya Ethereum kuachana na uchimbaji kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Zilizunguka usiku na mchana bila kupumzika. Chipu mara nyingi bado iko vizuri, feni ndizo zimebeba mzigo wote.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ya kuogopa. Kadi nyingi ganda linatoka kwa skrubu za mbele au za pembeni bila kugusa hitisinki. Chomoa plagi kwa kushika plagi yenyewe, usivute nyaya, soketi ile inang'oka kirahisi kutoka kwenye ubao. Kama yako inakulazimisha kung'oa hitisinki, iwashe kwanza ipate uvuguvugu ili pesti ya joto iliyo kati ya chipu na hitisinki ilainike, zima, chomoa, kisha ing'oe kwa kuizungusha kidogo, sio kuivuta kwa nguvu. 1060 ilitoka mwaka 2016, pesti yake imeshakuwa chokaa, kwa hiyo safisha kwa spiriti na upake mpya. Pedi za joto juu ya memori ziache zilipo kama hazijachanika. Zikichanika, tafuta za unene uleule. Ukiweka nene zaidi hitisinki haitagusa chipu sawasawa. Skrubu nne zenye springi zikaze kwa mkingamo, kidogokidogo.

Vumbi la kwetu likichanganyika na unyevu wa pwani linaganda kama blanketi kati ya mapezi ya hitisinki. Lisugue kwa brashi laini, halafu puliza. Ukitumia blowa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke, maana kasi ya blowa inaweza kumaliza beringi uliyoinunua jana.

Feni za kesi? Inawezekana, na kwa kadi ya wati 120 inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Unavua ganda lote, unafunga feni mbili za milimita 92 moja kwa moja kwenye hitisinki kwa vifungo vya plastiki, plagi zake unachomeka kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Shida ni kwamba mazabodi itaziendesha kwa joto la prosesa, haijui kadi ina hali gani. Tumia programu ya FanControl uiambie ifuate joto la GPU, yaani chipu ya kadi. Usikate nyaya za kadi kuunganisha feni kubwa, soketi ile ndogo haikutengenezwa kubeba ampea zozote utakazo. Na pima nafasi kwanza, kadi itanenepa na kula tundu la chini yake.

Kwa kesi yako ningeanza na feni zenye namba sahihi, za kesi ziwe akiba kama hupati. Vua ganda, piga picha stika za feni zote mbili na rula ikiwa pembeni, na nyingine ya plagi kwa karibu, uziweke hapa kabla hujalipa popote.