Bahari ukutani kwa fedha kidogo: maswali yenu

*Nina ukuta mtupu sebuleni na shilingi elfu kumi tu. Nianzie wapi? (Temeke)*

Anzia kabatini. Toa kanga ya zamani yenye buluu au kijani, ipige pasi, kisha mwombe seremala wa mtaani vipande vinne vya masalia ya mbao akupigie fremu. Kanga ina pindo, mji na jina. Wamba mji, hayo mengine yakunje nyuma. Ukitaka jina lionekane, lisome kwanza. Niliwahi kukaribishwa kochi lililo chini ya “Wajinga ndio waliwao”, na chai haikunishuka vizuri.

*Nimebandika makome kwenye ubao, siku ya tatu chumba kinanuka. (Tanga)*

Pole, nami yalinikuta. Niliokota makome wakati maji yamekupwa, nikayabandika jioni ileile. Tukadhani panya kafia darini, hadi tulipoona mchirizi mweusi ukiteremka ukutani kutoka kwenye kome moja. Konokono alikuwa bado yumo. Bandua yote, chungulia, nusa, loweka. Siku nyingine chukua yaliyo makavu juu ya mchanga, tena machache, maana wako kaa wanaohamia kwenye makome matupu. Na ukienda Mbudya au Bongoyo usiokote kitu, ile ni hifadhi ya bahari.

*Ubao niliouokota ufukweni haushiki gundi. (Kilifi)*

Ni chumvi. Imeingia ndani ya mbao na inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo gundi hukauka juu juu tu. Loweka kwenye maji baridi siku tatu nne, ukiyabadilisha kila asubuhi, halafu anika kivulini. Jua kali litaupasua. Mchanga nao suuza hivyo hivyo kabla ya kuumwagia kwenye gundi.

*Niko Dodoma, bahari naisikia kwenye redio. Nifanyeje?*

Kandambili mbovu zinakutosha. Mwaka 2018 kule Lamu walizindua jahazi la Flipflopi, la plastiki tupu, ubavu wake umefunikwa kwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa. Wewe unahitaji sita. Zisugue kwa sabuni ya unga, chora samaki kwa kalamu, kata kwa wembe mpya. Ukiulaza wembe, tabaka za rangi zitajitokeza pembeni, na samaki anapata mistari bila kupakwa chochote. Vijipande vya mkanda ndiyo mapezi.

*Rangi ya buluu dukani ghali. (Mtwara)*

Bluu ya kufulia nguo, kijiko kimoja kwenye kopo la chokaa. Jaribu kwanza kwenye kadibodi, ikikauka hupauka.

*Nipake vanishi mwishoni?*

Kandambili, hapana. Mbao ukipenda, mimi yangu naiacha.