Jibu: Mwanangu wa miaka 14 anaona haya kwa ufupi wake, nifanyeje?
Pole sana dada. Kijana anayekataa hata kupiga picha na wenzake kwa sababu ya kimo anaumia kweli, wala hadeki. Kwanza wakataze wajomba na majirani wanaomwita andunje. Naamini matani hayo ndiyo yanayombomoa, kuliko kimo chenyewe.

Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 12 na 16, na kuchelewa mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo muulize baba yake alirefuka lini. Ila kama hana dalili yoyote ya kubalehe, mpeleke kwa daktari wa watoto. Vidonge vya kurefusha vinavyouzwa mitandaoni usinunue kabisa! Na mpira wa kikapu anaoucheza asiache: Muggsy Bogues, mwenye sentimita 160, alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu 14.