Mdogo wangu, usikubali kuambiwa miguu yako inaharibu mstari

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msichana wa Dar es Salaam. Ana miaka 19. Ameangalia video za kuogelea kwa mpangilio, yaani kucheza majini kwa kufuata muziki, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Wachina wakibeba dhahabu ya timu na ya wawili wawili, na tangu hapo usingizi hauji. Mwalimu wake wa kuogelea amemwambia, "Hayo ni maonyesho, si mchezo. Halafu umeshachelewa." Ananiuliza: "Dada, nifanyeje?"

Ameniuliza katika wiki njema. Jumamosi timu yetu ya wanawake wa miaka 35 na kuendelea, hapa Toronto, ilishika nafasi ya pili katika kuogelea kwa mpangilio. Mimi ndiye niliyenyanyuliwa. Wenzangu walinisukuma kutoka chini ya maji bila hata mmoja kugusa sakafu ya bwawa, maana ukigusa unakatwa alama.

Lakini pia ametonesha kidonda. Nilizaliwa Mombasa, nyumba yetu ikisikia mawimbi, na sikujua kuogelea. Kaka zangu walijua. Mimi niliambiwa bahari ina wenyewe. Nilijifunza nikiwa na miaka 13, tulipohamia Kanada, na nilipofika 15 klabu moja ikanichukua. Miaka miwili nilikuwa mtu wa akiba.

Siku ya mashindano tuliamka alfajiri kupakana jelatini, ili nywele zisifumuke majini. Unakoroga unga wake kwa maji ya moto mpaka uwe kama uji mzito, unaupaka kwa brashi juu ya nywele zilizofungwa, unachuruzika shingoni ukichoma, halafu unakauka na kichwa kinang'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Mama alikuwa amenisuka usiku kucha ili nywele zilale. Nikiwa nimeshavaa, kocha akanivuta pembeni: "Leo huingii. Miguu yako inaharibu mstari." Nikakaa kwenye benchi na jelatini yangu, mama akiwa jukwaani ananitafuta kwa macho. Hata leo nikisikia harufu ile, koo linanikaba.

Nikaacha. Nikasoma, nikaolewa, nikazaa. Kilichonirudisha majini ni kuwasoma waliotangulia.

Anza na Annette Kellerman wa Australia. Utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu hata akafungwa vyuma, na kuogelea ndiko kulikomponya. Mwaka 1907 miguu hiyohiyo ilikuwa ikitazamwa na umati wa New York, akicheza ndani ya tangi la kioo kwenye ukumbi wa Hippodrome. Nilipolisoma hilo nililia.

Kisha Katharine Curtis, mwalimu aliyewafundisha wanawake wa Chicago kuogelea kwa kufuata muziki. Mwaka 1934, kikundi chake kilipotumbuiza kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mtangazaji Norman Ross, mwenyewe bingwa wa Olimpiki, ndiye aliyeupa mtindo huo jina la kuogelea kwa mpangilio. Kwa hiyo mwalimu wako hajakosea kabisa: umetoka kwenye maonyesho. Esther Williams naye alikuwa bingwa wa mbio za kuogelea Marekani. Vita vikaifuta Olimpiki ya 1940, akaingia kwenye sinema, na wasichana wengi wakautamani mchezo kupitia kwake. Mwaka 1952 ulionyeshwa kwenye Olimpiki ya Helsinki bila medali. Medali zenyewe zikaja Los Angeles 1984, Tracie Ruiz wa Marekani akachukua dhahabu zote mbili, ya peke yake na ya wawili. Hesabu: miaka 32 ya kusubiri mlangoni.

Na anayeona ni mapambo, atazame yaliyotokea kwenye mashindano ya dunia ya Budapest 2022. Anita Alvarez wa Marekani alizimia baada ya kumaliza, akazama taratibu, na kocha wake Andrea Fuentes akajitosa na nguo zake kumtoa. Sehemu kubwa ya kazi hii unaifanya umebana pumzi, kichwa chini, moyo ukienda mbio.

Lakini ninayemuwaza kila siku ni Sylvie Fréchette wa Montreal. Kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, siku chache baada ya kumpoteza mchumba wake, alifanya kazi yake vizuri. Jaji mmoja akabonyeza 8.7 badala ya 9.7. Kosa likajulikana palepale, alama haikubadilishwa, Fréchette akapewa fedha. Dhahabu yake ilikuja mwishoni mwa 1993, akaipokea nyumbani Montreal. Mimi sikurudishiwa siku yangu. Yeye alirudishiwa, na hilo limenipa nguvu kuliko kocha yeyote.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Usimpe mtu mmoja mamlaka ya kukuhukumu. Tafuta bwawa, tafuta wenzako watatu, fanyeni mazoezi. Ukikataliwa, fanya mazoezi. Ukisifiwa, fanya mazoezi. Usiseme Waafrika hawapo: wasichana wa Misri walikuwepo Tokyo na wakawepo Paris. Usingoje ruhusa ya mwalimu wala ya majirani. Wanawake tumezoea kuomba ruhusa hata ya kupumua, na ndiyo maana wengi wetu tumezeeka na vipaji vyetu mfukoni. Nakwambia kama dada yako: inuka.

Anza hivi. Nunua kibanio cha pua. Lala chali majini, mikono kiunoni, uchezeshe viganja tu mpaka mwili utulie juu bila miguu kuzama. Ukishaweza, simama kwenye kina kirefu ukizungusha miguu chini, mguu mmoja huku na mwingine kule, na mikono yote miwili uinyooshe hewani. Ukifikisha dakika moja bila maji kukufika kidevuni, niandikie. Na usinitumie picha ya uso. Nitumie ya miguu.